Jasho la Sikio

Mlango wa hewa wa Mtaa wa Nne ulichelewa tena asubuhi ile, na watu waliokuwa kwenye foleni ya maji wakaanza kuketi chini mmoja mmoja kama waliochoka tu. Waliozijua dalili za kukosa hewa waliwakokota wenzao kuelekea mtaa wa jirani. Mlango ulipofunguka hatimaye, upepo uliingia kwa nguvu, ukapeperusha kanga na kuangusha ndoo tupu. Hakuna aliyekufa. Lakini hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo, na watu waliokota ndoo zao wakarudi kwenye foleni.

Igumila ulikuwa mgodi wa dhahabu enzi za mababu. Sasa ulikuwa mji. Huko juu, tangu Agosti mpaka mvua za kwanza, jua lilikuwa likiua ng'ombe kabla ya adhuhuri, kwa hiyo watu wa wilaya nzima walishuka na magodoro, masufuria na kuku wao, wakaishi kwenye mahandaki ya zamani yaliyopewa majina ya mitaa. Kila mtaa ulikuwa na mlango wake wa chuma wa kuingizia hewa. Feni hazikuwa na nguvu ya kuilisha mitaa yote kwa pamoja, hivyo milango ilifunguliwa kwa zamu, na zamu hizo zilipangwa na kompyuta kuu: mtaa upi, hewa kiasi gani, kwa muda gani. Kompyuta ikichelewa kujibu, mlango unasubiri, na watu walio nyuma yake wanasubiri nao, wakivuta pumzi ambazo wamekwisha kuzitoa.

Kwandu Luhende ndiye aliyekuwa akiangalia utendaji wa kompyuta hiyo. Mkuu wa mji, Mama Ishengoma, alimwita ofisini kabla vumbi la Mtaa wa Nne halijatulia, akamuuliza mashine inaumwa nini. Kwandu alimjibu kwa kadiri alivyojua. Programu ya ukaguzi iliyokuja na kompyuta ilionyesha wastani wa kila saa tu, na wastani huo ulisema mashine imejaa kazi. Kazi ipi imeijaza, haukusema. Maelezo ya ndani yalihitaji ufunguo maalumu ambao kampuni iliuuza kando, na ufunguo huo usingeweza kufika Igumila wakati barabara za juu zimefungwa kwa sababu ya joto na mnara wa mawasiliano umelala chini.

Hata hivyo kompyuta yenyewe ilikuwa ikiandika kumbukumbu zake, sekunde kwa sekunde, na kumbukumbu hizo hazikufungwa. Kwandu alisema anayo programu huria ya takwimu aliyojifunza chuoni Mbeya. Ilitengenezwa na watu wa nchi nyingi wakaitoa bure, na yeyote anaweza kuifungua akaona inavyopiga hesabu. Atailisha kumbukumbu mbichi aone itasema nini.

Mama Ishengoma alikuwa mwanamke wa maneno machache. "Kesho nataka jina la hiyo kazi," alisema. "Iwe kazi yoyote, nitaizima."

*

Kwandu alishukuru kupata shughuli ya kumshika mchana kutwa. Tangu Mtaa wa Tisa uporomoke, mwezi uliopita, alikuwa hawezi kukaa mikono mitupu. Mumewe Ngusa, fundi wa pampu, alikuwa ndani pamoja na watu wengine kumi. Huko ndani kulikuwa na ghala la chakula, na tangi la maji, na bomba la zamani la hewa ambalo hakuna aliyejua kama lilipona. Waokoaji walichimba siku kadhaa bila kujua waelekee wapi, kisha wakaacha, kwa sababu mafuta ya nyundo za kuchimbia yalibaki ya shimo moja tu, na mengine yasingekuja kabla ya mvua.

Lililobaki ni Sikio. Ndivyo walivyoiita kazi mpya iliyowekwa kwenye kompyuta kuu baada ya ajali. Ilipita kwenye vihisi vilivyopachikwa mwambani, kimoja baada ya kingine, bila kupumzika, ikitafuta katika mitikisiko ya mawe mlio ambao ungeweza kuwa wa binadamu. Kila asubuhi Kwandu alifungua ripoti yake kabla ya kunywa chai, na kila asubuhi ripoti ilikuwa na neno moja: hakuna.

Alizisafisha kumbukumbu, akaondoa mistari iliyokatika, akazipanga kazi zote za kompyuta kwenye jedwali moja: mgao wa unga, mahudhurio ya shule, zahanati, pampu, Sikio. Pembeni akaweka safu ya ucheleweshaji wa milango. Kisha akaiagiza programu itafute ni kazi ipi inayoongeza matumizi ya mashine kila milango inapochelewa.

Jibu lilikuja upesi kuliko alivyotegemea. Mgao wa unga ulichangia kidogo. Shule, karibu na sifuri. Mstari wa Sikio ulipanda na kushuka sambamba na ucheleweshaji, kama kitu kimoja kilichochorwa mara mbili kwa rangi tofauti.

Kwandu aliiondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. Alirudia hesabu kwa njia nyingine, halafu kwa njia ya tatu, akitumaini kwamba amekosea mahali. Hakuwa amekosea. Mama Ishengoma angeizima Sikio kesho, na angekuwa na haki. Watu elfu nne walikuwa wakipumua kwa kutegemea ile milango. Na ikizimwa Sikio, hakuna mtu tena duniani atakayekuwa akimtafuta Ngusa. Atakuwa amezikwa, tena kwa mkono wa mkewe.

Hakukaa kuamua. Baadaye alijaribu kuikumbuka dakika aliyoamua, asiipate. Aliandika mstari mmoja tu wa maagizo, wa kuiondoa Sikio kwenye jedwali, akaendesha hesabu upya. Programu ilitii. Haikuwa na sababu ya kuuliza. Sasa mgao wa unga ulikuwa juu kabisa na shule ikifuata. Alijiambia kwamba si uongo mtupu, kwa kuwa mgao nao unachangia. Alijiambia pia kwamba anahitaji siku chache tu. Za kufanyia nini, hakujiambia.

Asubuhi alikabidhi ripoti. Kabla ya saa sita, mgao wa unga na kazi za shule zilikuwa zimezimwa. Watu walipewa unga kwa kukadiria, wakalalamika, wakanyamaza. Siku ile milango ilifunguka vizuri, kwa kuwa Sikio yenyewe ilitulia kwa sababu ambayo Kwandu hakuijua wakati huo. Mama Ishengoma alimtumia salamu za shukrani. Kwandu alizisoma, kisha akazifuta.

*

Siku iliyofuata mlango wa Mtaa wa Nne ulikwama kwa muda mrefu kuliko siku zote.

Kwandu alikuwa kwenye ujia mkuu akirudi kazini alipomwona Zabron Mwakalobo anakuja mbio na mtoto begani. Zabron ndiye aliyekuwa akitunza hifadhi za kompyuta. Meza zao zilikuwa zimeachana kwa mkono mmoja. Mtoto alikuwa Atupele, bintiye wa miaka mitano, na mikono yake ilikuwa ikining'inia mgongoni kwa baba kama nguo. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Zabron alimpita Kwandu bila kumwona.

Kwandu aliingia chumba cha kompyuta akafungua karatasi mpya kwenye skrini ili aandike ukweli. Aliandika jina la Mama Ishengoma, akaandika kwamba ripoti ya jana haikuwa sahihi, akafika hapo akasimama, kwa sababu kabla ya kuendelea alitaka kuutazama ule mstari wa Sikio mara ya mwisho. Alikuwa ameutazama juzi kwa hofu tu. Sasa hofu ilikuwa imekwisha. Kibaya chenyewe kilikwisha kutokea. Akauona kwa mara ya kwanza.

Kwa nini unapanda na kushuka?

Kazi ya kusikiliza mwamba ilipaswa kuwa sawa siku zote. Vihisi ni vile vile, na urefu wa kila rekodi ni ule ule. Kazi inayopokea ukimya na kujibu hakuna, hakuna, hakuna, haina sababu ya kuchoka saa hii kuliko saa ile. Kwandu alifungua maagizo ya Sikio akayasoma toka juu. Kila mtikisiko ulipitishwa kwanza kwenye chujio jepesi. Uliokuwa kelele za kawaida ulitupwa palepale, kwa gharama ndogo. Uliopita chujio hilo ulipelekwa kwenye la pili, zito, lililoulinganisha na mlio wa mtu anayegonga chuma kwa nguvu. Usipofanana, nao ulitupwa, na hakuna kilichoandikwa.

Kwa hiyo kulikuwa na kitu kinachopita chujio la kwanza na kukataliwa na la pili. Sauti zenyewe hazikuwepo tena. Kilichobaki ni jasho la mashine, muda ambao prosesa iliutumia kuzikataa, na jasho hilo lilikuwa mbele yake.

Aliondoa kwenye hesabu athari za pampu, ambazo nazo hutikisa mwamba kwa saa maalumu. Akaondoa feni. Kilichosalia alikichora. Kilipanda kwa muda, kikapumzika, kikapanda, kikapumzika, halafu kikatulia kwa muda mrefu kama kilicholala. Siku iliyofuata hivyo hivyo. Siku ile ya shukrani za Mama Ishengoma kilikuwa kimetulia karibu mchana kutwa.

Alitaka kuinuka akimbie, lakini alibaki kitini. Aliijua kazi yake. Mtu anayetaka sana kuona kitu akiachiwa takwimu za kutosha atakiona tu, na hapakuwa na mtu Igumila aliyetaka kuliko yeye.

*

Zahanati, Atupele alikuwa amelazwa na kinyago cha hewa usoni. Alikuwa anapumua, ingawa alikuwa hajafumbua macho. Zabron alikaa kwenye kigoda kando yake. Kwandu alimpa pole, kisha akamwomba jambo ambalo aliona aibu hata kulitamka mahali pale. Alikuwa amenakili kumbukumbu kwenye kompyuta ndogo na kuyafuta majina ya kazi, kila kazi ikabaki na herufi tu. Alimwomba aangalie mambo mawili: herufi ipi inachelewesha milango, na kama kuna herufi yoyote yenye mwendo usio wa kawaida. Hakumwambia zaidi.

Labda Zabron alikubali kwa sababu kukaa tu kulimshinda. Programu aliijua, Kwandu ndiye aliyemfundisha. Alifanya kazi kimya, mkono mmoja ukiwa kwenye kibodi na mwingine umeshika mguu wa mtoto. Kwandu alisimama mlangoni ili uso wake usimwambie kitu.

"M ndiyo inayochelewesha," alisema hatimaye. "Si kazi mbili tatu. Ni M peke yake."

"Na lile la pili?"

Zabron aligeuza skrini kidogo. "Ni M hiyo hiyo. Nimeondoa kila kitu ninachokijua lakini mawimbi hayaondoki. Inafanya kazi, inapumzika, inalala. Dada Kwandu, hii mashine gani yenye usingizi?"

Kwandu alikaa sakafuni hapo hapo. Alimwambia M ni Sikio, ile inayowasikiliza waliofukiwa. Zabron aliutazama tena mchoro, na Kwandu akaona anavyoanza kuelewa, kwanza lile la furaha, kwamba kuna watu hai, kisha lile jingine. Hakutaka alifikie peke yake. Aliichukua kompyuta, akafungua maagizo aliyoyaandika juzi, akamwonyesha ule mstari wa kuiondoa Sikio.

Zabron aliusoma. Ulikuwa mstari mfupi.

"Ulijua juzi," alisema.

"Nilijua."

"Mtoto wangu juzi alikuwa mzima anacheza."

Muuguzi alikuja akapima mapigo ya Atupele, akaandika, akaondoka. Zabron alikuwa ameinamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yakitikisika bila sauti. Alipoinua uso, hakumtazama Kwandu.

"Ungeniambia mapema M ni nini, nisingeyaona hayo mawimbi," alisema. "Ningeona kazi ya kuzima tu. Twende kwa Mama kabla sijabadili mawazo."

*

Mama Ishengoma aliwasikiliza akiwa amesimama. Kwandu alianza na uongo wake, akausema wote bila kujitetea, kisha akaeleza mengine. Mama Ishengoma alimwuliza Zabron kama ni kweli hesabu hizo amezifanya yeye bila kujua majina. Zabron akasema ni kweli, na akaongeza, bila kuulizwa, kwamba yeye ndiye mtu aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kutoamini.

"La uongo wako utalijibu mbele ya baraza," Mama Ishengoma alimwambia Kwandu. "Sasa niambie. Nina mafuta ya shimo moja. Nyundo zikianza, mwamba wote utatikisika na hatutasikia kitu tena. Nichimbe wapi?"

Hilo nalo lilikuwa kwenye kumbukumbu. Sikio ilipita kihisi kimoja kimoja, na kompyuta iliandika muda wa kila kihisi. Jasho jingi zaidi lilikuwa kwenye vihisi vinne vya upande wa kusini, nyuma ya karakana ya zamani. Waokoaji walikuwa wamechimba kaskazini. Kwandu aliweka kidole kwenye ramani. Alisema pia kwamba anaweza kukosea, kwa sababu mwamba hupindisha mitikisiko, na kwamba wakichimba hapo na kukosa, hakutakuwa na mara ya pili.

Mama Ishengoma alimwuliza kama Sikio izimwe sasa hivi. Lilikuwa ni neno la Kwandu kulisema. Kuzimwa ndiko alikokuwa akikukimbia tangu mwanzo, hata mtoto wa mwenzake akalala zahanati.

"Izime," alisema. "Ila mchimbe leo."

Mama Ishengoma alimwachia Zabron kiti. Zabron aliandika amri, akaisoma mara mbili, akabonyeza. Kwenye ukuta, taa za milango ya hewa zilibadilika kuwa kijani moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Kwandu alizitazama na kuona zimekuwa nyingi mno.

*

Walichimba siku hiyo na siku iliyofuata kutwa, kwa zamu, wanaume kwa wanawake, wakipitisha mawe mkono kwa mkono. Nyundo zilinguruma mpaka watu wa mitaa ya karibu wakashindwa kusikilizana. Kwandu alibeba mawe kama wengine. Wapo waliokwisha kusikia alichofanya. Walimpa mawe bila kumtazama, naye akayapokea. Zabron alituma habari kwamba Atupele amefumbua macho na ameomba maji, ingawa hawezi kushika kikombe vizuri. Habari hiyo haikuletwa kwa Kwandu, aliisikia ikipita.

Asubuhi ya siku ya tatu, mafuta yalikuwa yamebaki ya saa chache nyundo ilipotumbukia kwenye uwazi. Wakazima. Katika ukimya ule wote waliusikia mlio kutoka upande wa pili, dhaifu, taratibu, mara mbili halafu kimya, kama mtu anayebisha hodi nyumba yenye mgonjwa.

Walitoa wanne wakiwa hai. Wa kwanza alikuwa mpishi wa ghala, Mama Nyamizi, mwanamke wa makamo aliyebaki mifupa na macho. Walimlaza kwenye machela na kumfunika uso kwa kitambaa ili mwanga usimuumize. Kwandu alikuwa amepewa chupa ya maji ya chumvi ya kumnywesha kidogo kidogo.

Mama Nyamizi alipopata sauti, aliuliza walianza kuwasikia lini.

Mzee mmoja wa waokoaji alifungua kinywa, na Kwandu akajua atasema juzi, kwa huruma. Akamwahi.

"Tangu siku ya kwanza, mama. Mashine ilikuwa inawasikia. Ilikuwa imeambiwa mtu aliyefukiwa hugonga kwa nguvu."

Mama Nyamizi alimeza maji kidogo. "Tuligonga taratibu tusichoke," alisema. "Ndivyo fundi wa pampu alivyotupangia. Mguu wake ulipondwa, homa ikamwingia, lakini zamu alizipanga yeye. Siku akizidiwa tulikuwa hatugongi, tunamkanda. Alisema tusiache, maana mkewe yuko kwenye hiyo kompyuta na hawezi kuacha kuangalia."

Kwandu aliuliza yuko wapi.

"Amefariki jana alfajiri, mwanangu. Tumemlaza kule mwisho. Mkewe mnamfahamu?"

Jana alfajiri walikuwa tayari wanachimba. Kwandu hakujua kama siku ile ya kwanza, lau asingeandika ule mstari, angeyaona mawimbi. Hilo asingelijua kamwe. Alichojua ni kwamba dawa za homa zilikuwa zahanati, mwendo mfupi kutoka pale alipokuwa amekaa akiupa mchoro mgongo.

"Ni mimi," alisema.

Mama Nyamizi alitoa mkono chini ya blanketi akamtafuta, akampata kiganja, akakishika.

"Niliacha," Kwandu alimwambia. "Siku mbili niliacha."

Labda Mama Nyamizi hakumwelewa. Labda alimwelewa na hakuwa na nguvu za kujibu, kwa maana mkono wake haukukaza wala haukulegea. Wabeba machela walisema ni lazima wampeleke. Kwandu aliweka chupa juu ya blanketi, akasogea kando kuwapisha, kisha akaomba taa, akainama, akaingia kwenye tundu kwenda kumtoa mumewe.